Jina la Mvunja Mawe

Siku ya nane baada ya kujifungua, wifi yangu alikuja nyumbani kwetu Likasi na simu yenye orodha ya majina ya wasichana. Majina mepesi, yanayoteleza mdomoni kama aiskrimu. Nilimwacha ayasome yote, kisha nikasema binti yangu ataitwa jina la bibi yangu, mzaa mama.

Wifi alicheka hadi mtoto akashtuka.

"Weye! Ile jina ni ya bamama bazee ba mu kanisa, benye iko na miwani na kitambaa ku kichwa. Mutoto ya siku nane!"

"Atazeeka," nilimjibu. "Miye nafikiria mbele."

Sitaficha: mimi mwenyewe nililionea haya jina hilo. Nilipokuwa msichana, bibi akiitwa kwa sauti sokoni, nilijifanya simjui. Ni jina la mtakatifu asiyekumbukwa na mtu, zito kama sufuria ya chuma. Sitaliandika hapa, mwenyewe atalitaja akijua kusema. Masista walimpa bibi alipobatizwa, naye akalibeba hadi machimbo ya Kakontwe, alikovunja mawe ya chokaa kwa nyundo tangu alipofiwa na mume, akirudi jioni na nyusi nyeupe. Kila nilipolipima tena, nilisikia nyundo ile. Katika orodha ya wifi sikusikia chochote.

Aliyenipinga kweli hakuwa wifi. Alikuwa mama yangu, aliyekuwa akikunja nepi pembeni. Kwetu, mtoto akipewa jina la nkambo, yaani bibi au babu, anakuwa nkambo mwenyewe. Humpigi. Humfokei. Unamwita kwa heshima ileile. Na mama yangu na bibi hawakuwa wakisemezana. Bibi alizikwa kabla hawajapatana.

"Unataka kunirudishia mama yangu ndani ya nyumba," alisema. "Nitamugombeza namna gani? Miye nipige magoti mbele ya mutoto wa kunyonya?"

"Ndiyo, mama. Utapiga."

Sikuwahi kumjibu hivyo maishani. Wifi alifunga simu yake.

Kesho yake nilimwachia mama mtoto, nikaenda peke yangu komine, ofisi ya serikali ya mtaa, kumwandikisha, mshono bado unauma. Karani alisimamisha kalamu.

"Hauna ingine? Ya kisasa kidogo?"

"Andika hiyo. Yote."

Niliporudi, mtoto alikuwa akilia chumbani, na mama amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Niliweka cheti mezani. Hakukitazama. Mtoto akazidi kulia, kwa hasira ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Maziwa yalinichuruzika ndani ya blauzi, lakini sikusogea.

"Nakuya, mama!" mama yangu akasema hatimaye, kwa sauti kali, kama anayeendeleza ugomvi wa zamani, akaingia chumbani.