Kisu Kwenye Meli Yangu

Wenzangu wa mgahawani, leo mtu kaitia kisu meli yangu!

Ni ile meli ndogo ya mti niliyoivika shaba tumboni, vipande mia nne, kila kimoja sawa na ukucha wa dole gumba. Niliipeleka kwenye maonyesho ya ufundi. Mwamuzi, Mzungu mmoja mgeni, akaipindua.

"Hii ni karatasi ya rangi."

"Ni shaba, bwana."

Hakuniamini. Akatoa kisu, akabandua kipande mbele ya watu! Ingekuwa ya Mzungu mwenzake, angethubutu?

Alipoona ni shaba kweli, akaninyooshea utepe wa ushindi. Mimi nikamnyooshea gundi.

"Kwanza rudisha ulichobandua."

Akabandika, jasho linamtoka. Mzee Makame, fundi wa majahazi kutoka Pangani, akainama kutazama kipande kile, akacheka, akamwambia mwamuzi:

"Mwanangu, ukingo umeuacha wazi upande wa mbele. Maji yatauinua kabla meli haijatoka bandarini. Hujaona makuti yanavyoezekwa, la juu likilalia la chini?"

Utepe nimeutia mfukoni, lakini hasira bado ninayo.

Niandikieni hapa chini ya karatasi hii, kwa penseli: kipande kile nikirekebishe, au nikiache vilevile kila mtu aione kazi ya mwamuzi?