Jana Nani Alikutoa Kitandani

Mama yangu mdogo hajawahi kumpokea mgeni akiwa amelala, na kwa tabia hiyo njema alinyimwa matibabu.

Nilikuwa Tunduma, napaka rangi nyumba za watu, nilipopigiwa simu kwamba pikipiki iliyokuwa imembeba kutoka Magu pamoja na mchele wake imeanguka, na mgongo wake umevunjika. Kabla ya Tunduma nilikaa Mpanda, na kabla ya Mpanda, Kahama. Kila mji niliofika niliulinganisha na Mwanza nikauona una kasoro, kisha badala ya kurudi nyumbani nikahamia mji mwingine. Safari hii nilirudi. Huyu ndiye aliyenilea mama alipofariki, akanisomesha mpaka kidato cha nne kwa mchele aliouza sokoni Mkuyuni.

Nilimkuta Pasiansi, Mwanza, katika kile chumba chake kilichojengwa juu ya mawe. Ukikaa mlangoni unaliona ziwa lote. Zamani nilikipenda sana chumba kile. Sasa nilihesabu ngazi za mawe za kushukia chooni, zilikuwa kumi na moja, na miguu yake ilikuwa imekufa kuanzia kiunoni. Chini ya mgongo kidonda cha kulala kilikuwa kimefunguka. Muuguzi aliniambia kisafishwe hospitalini mara tatu kwa wiki, na apatikane kiti mwendo na godoro maalumu la kuzuia vidonda. Kikiachwa, kitafika kwenye mfupa. Vyote hivyo serikali inavitoa kwa mtu mwenye barua ya msamaha wa malipo, na barua inaandikwa baada ya afisa kuja kumwona mgonjwa nyumbani.

Siku ya afisa, mama mdogo aliniamsha mapema.

"Nikalishe nje. Mgeni wa serikali hawezi kunikuta kitandani kama mzazi aliyejifungua jana."

Nikambeba. Nikampaka mafuta, nikamfunga kitenge chake cha harusi za watu, nikamwegemeza ukutani kwa mito miwili na kumfunika miguu. Alitaka michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga viwekwe mezani, nikaviweka. Akaomba bakuli la mchele, akaanza kuchagua mawe. Alipendeza. Nakumbuka nilijisifu moyoni.

Afisa alikuwa kijana mstaarabu. Alimwamkia shikamoo, akala michembe.

"Unaendeleaje, mama?"

"Salama tu, baba. Namshukuru Mungu."

"Kazi ndogo ndogo za nyumbani unaweza?"

"Naweza."

"Kupika?"

"Sasa baba, mwanamke gani asiyepika?"

Wakacheka. Hata mimi nilicheka. Kwetu Usukumani shida haimwagwi miguuni pa mgeni aliyekuja mara ya kwanza. Anakaribishwa, anakula, na hali ikiulizwa, hali ni nzuri. Kijana yule bila shaka amelelewa hivyo hivyo. Lakini alikuwa na kalamu.

Wiki mbili baadaye nilisoma alichoandika: mwombaji anakaa mwenyewe, anafanya shughuli za nyumbani, ana ndugu mtu mzima anayemtunza. Hakidhi vigezo. Nilimtukana kijana yule mbele ya watu waliokaa kwenye benchi la ofisi, mpaka mlinzi akanishika mkono. Kidonda kilikuwa kimeanza kutoa harufu.

Kwenye benchi lile, mzee mmoja asiyeona aliniambia niache kelele, niende kwenye kituo kilichoko Mkuyuni, nyuma ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Ni vyumba viwili. Mwanamke anayeendesha kazi pale anatembea kwa magongo, na shughuli yake ni kuwapitisha watu wenye ulemavu kwenye milango ya serikali: fomu ipi, daktari yupi wa kuijaza, mhuri wa nani unatangulia. Aliisoma karatasi yangu huku amesimama.

"Nani alimkalisha?"

"Mimi."

"Na kitenge?"

"Mimi."

"Mafuta?"

Nikanyoosha mkono anirudishie karatasi.

"Hongera, kaka. Madaktari wameshindwa, wewe umemponya asubuhi moja."

Nilitaka kuondoka. Akanivutia kiti kwa gongo lake. Alisema hata mama yake mzazi alifanya hivyo hivyo. Alimfunika mguu kwa khanga kila mgeni alipofika, naye binti akakosa kiatu chake cha chuma mpaka darasa la sita. Kisha akaandika barua ya kuomba tathmini irudiwe. Akanituma kwa daktari, na si kuomba cheti tu. Nihakikishe daktari anaandika upana wa kidonda na kina chake. Daktari alikuwa na haraka, akaandika neno moja, "kidonda." Nikarudishwa. Nilikwenda mara tatu. Mara ya tatu mwanamke yule alinisindikiza, akasimama na magongo yake mlangoni kwa daktari, hakuna wa kuingia wala wa kutoka, mpaka vipimo vikaandikwa.

Jioni ya kuamkia tathmini ya pili alipanda mawe ya Pasiansi. Kwa magongo. Mimi nilikuwa nimemwambia mama mdogo kwamba safari hii atabaki kitandani bila kuoga, aonekane alivyo.

"Mimi si mbuzi wa mnadani," alisema mama mdogo. "Mwanangu anataka nioneshwe na uchafu wangu."

"Usimsikilize huyu, mama," mgeni akajibu. "Oga, vaa, jipake mafuta. Ila kesho hutaulizwa unaendeleaje. Utaulizwa ya jana, na utasema ya jana."

Kijana yule yule alikuja. Alipofungua mdomo kuuliza hali, mwanamke wa kituo akamtangulia.

"Muulize jana nani alimtoa kitandani."

Kijana akauliza. Mama mdogo alinitazama mimi. Nilikuwa nimekatazwa kusema lolote.

"Huyu," akasema.

"Na asipokuwepo?"

"Nabaki hapo."

"Haja unajisaidiaje?"

Alijifunika uso kwa upande wa kitenge. Nje watoto wa jirani walikuwa wanabishana kuhusu mpira. Mama mdogo aliyenifundisha kugeuza uso akipita mtu mzima anayeoga ziwani alikuwa anajibu swali lile mbele ya kijana ambaye angeweza kuwa mwanaye, nami nimekaa hapo, nasikiliza.

"Kwenye ndoo," akasema ndani ya kitenge. "Ndoo ikiwa mbali, hapo hapo nilipolala. Halafu nangoja mtu."

Kijana aliandika. Safari hii hakula kitu.

Barua ilitoka. Kidonda sasa kinasafishwa, na kiti mwendo kililetwa, ingawa hakishuki ngazi. Godoro bado. Mama mdogo hakuniongelesha kwa siku nne. Siku ya tano alinipa ile barua nimsomee yote, mpaka chini. Chini imeandikwa kwamba ni ya mwaka mmoja, na baada ya hapo mwombaji atatathminiwa upya.

"Watakuja kuangalia nini?" aliuliza. "Kama mgongo umejiunga?"

Nilishuka mpaka Mkuyuni nikiwa nimeikunja mkononi. Nilimwambia yule mwanamke kila nilichofikiri kuhusu serikali, kuhusu kijana wao, na kuhusu yeye, aliyeyajua haya na hakuniambia. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Watu sita walikuwa nyuma yangu.

"Mimi wamenitathmini mara nyingi tu," akasema. "Mguu ni ule ule."

Akanipa daftari. Niandike kila siku nani kamtoa kitandani, saa ngapi, nani kamwosha, kidonda kikoje; mwakani afisa asome, asiulize. Nikamwambia mimi si mtu wa kukaa mahali mwaka mzima.

"Basi mtafute atakayeandika," akasema, akamwita aliyefuata.

Mama mdogo hakutaka jirani aandike. Hakutaka binti wa kanisani. Ninaandika mimi. Leo nimemtoa kitandani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ameniambia niongeze kwamba maji ya kuoga yalikuwa ya baridi.