Elina Mwalongo na Zuhura Mpelelezi

Elina Mwalongo anafuma masweta ya shule mjini Makambako, katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Mashine yake ina kelele, kwa hiyo mtu akija na neno hungoja kwanza amalize mstari. Alizaliwa Njombe, akaolewa huku na Anderson, fundi wa magari. Wanaishi na baba mkwe wake, Mzee Silvanus, ambaye miaka hii ya karibuni kumbukumbu zimeanza kumtoka.

Siku moja Elina alikwenda kutafuta makoti ya mtumba, akaona vitabu vimerundikwa pembeni ya viatu. Cha juu kilikuwa na jalada la kijani, na msichana aliyeshika mwavuli uliofungwa. Elina alisimama kama aliyekutana na ndugu. Alikuwa Zuhura Mpelelezi.

Elina alipokuwa darasa la tano, mwalimu wake wa Kiswahili, Mwalimu Idda, alileta shuleni mfululizo mzima wa hadithi za Zuhura. Yeye na shoga yake Rejoice walikuwa wakizisoma jikoni kwa bibi, karibu na moto, maana Njombe ya mwezi wa saba hukai mbali na moto. Mmoja alisoma, mwenzake akapukuchua mahindi, halafu wakabadilishana. Walipenda Zuhura anapokimbiza wezi na kuruka kuta. Wakaanza hata upelelezi wao: walimfuata muuza maziwa mtaa mzima, wakiamini ameiba jogoo wa kanisani, mpaka mwenyewe akageuka akawauliza kwa upole kama wanataka maziwa.

Basi Elina akavichukua vitabu vyote vilivyokuwepo. Alivisoma mchana, wakati wa kula, kitabu kikiwa kimeegemezwa kwenye chupa ya chai. Alitegemea kucheka, na kweli alicheka. Zuhura hatumwi maji hata siku moja. Wala hapati mafua. Jambo moja lilimuudhi: karibu kila mwizi ana kovu usoni. "Mwenye kovu amemkosea nani?" alimuuliza Anderson, ambaye alikuwa anakula.

Lakini kuna kurasa alizokuwa akiziruka utotoni, zile ambazo Zuhura amekaa tu na mtu. Haulizi nani kaiba. Anauliza kilichopotea kilikuwa na maana gani kwa mwenyewe, kisha ananyamaza na kusikiliza. Katika kitabu kimoja bibi mzee anapotea, na mji mzima unakimbilia barabarani. Zuhura anabaki nyumbani na mjukuu, anamuuliza bibi alikuwa akizungumzia nini wiki ile. Elina alizisoma kurasa hizo polepole, akarudia.

"Mimi nilidhani kazi yake ni kukimbia," alimwambia mumewe. "Kumbe kazi yake ni kusikiliza. Aliyeandika hivi alikuwa anajua watu."

Haukupita muda mrefu, Mzee Silvanus akapotea. Elina alikuwa ameingia uani kuanua nguo kwa sababu wingu lilikuwa limetanda. Aliporudi, kiti cha mzee kilikuwa kitupu na mlango wa mbele uko wazi. Akampigia simu Anderson, naye akaja na mafundi wenzake. Wengine wakaelekea stendi, wengine barabara ya Njombe. Elina naye alikwisha kuvaa viatu ili akimbie. Kisha akavuta kiti cha mzee, akakaa.

Alijaribu kukumbuka baba mkwe wake alikuwa akisema nini siku zile. Kila wingu lilipotanda alisema jambo moja: "Mbao zitalowa." Naye Elina alimjibu kila mara, bila kusimamisha mashine, "Hapa hakuna mbao, Baba." Hakuwahi kumuuliza ni mbao zipi.

Akampigia mumewe tena. "Baba Praygod, zamani Baba alikuwa anafanyia wapi kazi ya mbao?"

"Upande wa stesheni ya reli," Anderson alisema. "Lakini ile yadi ilishakufa. Siku hizi wanapaki malori."

"Nakwenda huko. Na wewe njoo."

Alimkuta pale. Kando ya lori moja kulikuwa na mbao za paini zimepangwa, na Mzee Silvanus alikuwa akivuta turubai juu yake. Dereva alikuwa akimsaidia kwa adabu zote, akidhani ni msimamizi aliyetumwa na mwenye mali.

"Kamwene, Baba," Elina alimsalimu.

"Kamwene. Shika upande huo, mvua inakuja."

Elina akashika. Walifunga kamba pamoja, na mafundo ya mzee yalikuwa imara kuliko yake. Anderson alifika anahema, akafungua kinywa kufoka, lakini mkewe akamtikisia kichwa. Mvua ilipoanza waliingia wote ndani ya lori. Mzee Silvanus akaanza kueleza namna ya kupanga mbao ili hewa ipite, na majina ya watu aliofanya nao kazi yakamjia, moja baada ya jingine. Anderson alikuwa hajawahi kuyasikia. Alimtazama baba yake muda wote.

"Umejuaje?" alimuuliza mkewe walipokuwa wakirudi.

"Kwa Zuhura."

"Zuhura yupi?"

Nyumbani Elina akampa kile kitabu cha bibi aliyepotea.

Jumapili iliyofuata Elina alitafuta namba ya Mwalimu Idda, ambaye amestaafu na analima viazi kwao Ipelele. Alimweleza yote, akamshukuru.

"Mimi nilidhani mlipenda kukimbiza wezi tu," mwalimu alisema.

"Ndicho tulichopenda, Mwalimu."

Mwalimu Idda alicheka. "Haya. Mmechelewa kidogo, lakini mmefika."

Rejoice, aliye Njombe bado, aliposikia habari aliviomba vitabu, na Elina akampelekea kwa basi. Kile cha bibi aliyepotea amebaki nacho. Humsomea Mzee Silvanus baada ya chakula cha mchana, mashine ikiwa imezimwa. Mzee akisinzia, yeye huendelea kusoma kimyakimya mpaka mwisho wa sura.