Betri ya maiki iliyotunyima sauti ya hooyo, Garissa miaka ya tisini

Wakuu, salaam aleikum.

Naanza na pale paliponiuma. Tuko ndani ya studio ya video ya Bile, Garissa mjini. TV imewashwa, kanda inazunguka. Hooyo yangu, mama aliyenizaa, yuko kwenye kioo na shaash yake nyekundu kichwani, anaongea. Mdomo unaenda, mikono inaenda. Sauti hakuna.

Nikaongeza volume mpaka mwisho. Inatoka shhhh tu.

Sina haja ya kuwadanganya, wengine humu Bile mnamjua. Shule niliachia darasa la nne, mnivumilie mwandiko ukipinda.

Sasa turudi nyuma.

Zamani sisi watu wa kule barua hatukuwa nazo sana. Mtu anarekodi kanda ya redio, anampa msafiri, inafika mpaka ng'ambo. Mnakumbuka? Unasikia mbuzi kwa nyuma, mzee anakohoa, majirani wanakusalimia kwa zamu. Wallahi ilikuwa tamu kuliko hizi voice note.

Halafu Bile akaleta kamera ya video, ile kubwa ya kubeba begani, mimi nikawa mpigaji wake. Hizo kamera zilikuwa na vitu vya ziada vya kununua kando: taa, miguu mitatu ya kusimamishia, headphone, maiki ya kuchomeka. Bile alinunua miguu na maiki. Headphone akakataa.

"Hiyo ni optional, walaal, ndugu yangu. Ukikosa, hufi."

Sikilizeni hapa. Maiki ya nje ukiichomeka, ile ndogo ya kamera yenyewe inajizima. Na hiyo ya nje inakula betri yake, moja ndogo kama ya redio. Betri ikiwa imekufa, picha inaingia safi kabisa, sauti haiingii. Bila headphone huwezi kujua.

Kaka yangu Abdi alikuwa Canada. Akaomba kitu kimoja tu, amwone hooyo akiongea.

Nikaweka betri mpya kwenye maiki kwa mkono wangu. Begi nikaliacha studio, nikaenda kuswali alasiri. Niliporudi nikalichukua, nikapanda lori la mifugo mpaka Hadado, nyumbani kwa hooyo.

Hooyo akaizunguka kamera. "Hii nayo inakula?"

"Inakula betri, hooyo."

"Basi imekushinda. Wewe hata maziwa humalizi."

Nilipomaliza kuisimamisha akaniambia, "Sasa toka nje. Maneno haya ni ya Abdi, si yako."

Nikawasha, nikatoka. Upepo ulikuwa mkali, sikusikia neno. Nilisikia amecheka mara moja tu.

Nikarudi Garissa, tukaweka kanda, ndiyo hiyo shhhh. Nikasema nitarudi Hadado nirekodi tena. Kabla sijapata lori, dereva akaja na habari kwamba hooyo amezikwa.

Lakini siku ile ile ya shhhh niliifungua maiki. Betri yangu haimo. Imo nyingine, kuukuu, imeng'atwa. Mnajua tulivyokuwa, betri ikichoka unaianika juani, ikikataa unaing'ata itoe nguvu ya mwisho. Alama za meno zilikuwa wazi, na katikati pengo.

Bile hana jino la mbele. Na jioni hakosi habari za Kisomali. Redio yake ilikuwa hapo mezani, inaongea kwa nguvu.

Nikamwonyesha. Akaiangalia betri, akaniangalia mimi.

"Ni qadar ya Mungu, walaal."

Akaongeza sauti ya redio.

Somo langu ni hili: ukiambiwa kitu ni optional, muulize anayesema, kikikosekana atakayekosa ni nani.

Kanda anayo Abdi mpaka leo. Ana ndevu nyeupe sasa. Ananipigia simu, "Hapa anapocheka, alikuwa anasema nini?"

Wenye kumbukumbu za zile kanda leteni hapa, tukumbuke pamoja.

Na wewe Bile, najua humu unapita, mpwa wako ameniambia. Pole yako sitaki. Jioni ile redio yako iliongea kwa betri ya hooyo. Andika hapa chini watu wote wasome: ilisema nini?