Émérance na Uhamisho wa Mwalimu Serge

Tangu Pasaka Émérance alikuwa na kinyaa kilichomkaa kooni, na chai ya tangawizi haikukiondoa. Miaka kumi na tisa alikuwa akifundisha darasa la tatu katika shule moja ya msingi ya Kabambare, na watu walimjua kuwa mwanamke asiye na makuu. Analima karanga zake, anaimba kanisani, anasahihisha madaftari akiwa amekaa kwenye kiti kifupi cha jikoni. Kuchukia watu hakukuwa tabia yake. Alijifunza ukubwani.

Mambo yalianza alipochaguliwa kwenda Kasongo kwenye semina ya ulinzi wa watoto. Walimu wanaume hawakutaka kukalia pikipiki siku nzima katika matope yale kwa ajili ya mambo ya watoto, basi wakampachika yeye. Alikwenda, akaandika kila neno, akarudi na mgongo unaouma na kanuni za kurasa sita. Mwalimu asimtume mwanafunzi nyumbani kwake. Malalamiko yafike ofisi ya territoire, yaani ya wilaya, ndani ya siku mbili. Jambo la kumdhuru mtoto lisimalizwe kifamilia hata siku moja. Alizisoma mbele ya wenzake, wote wakatia sahihi. Mwalimu Serge wa darasa la sita alitia sahihi wa kwanza, akawaazima wengine kalamu.

Sasa, pale shuleni kuna desturi ya zamani kuliko majengo yenyewe. Kila juma wasichana wa darasa la sita wana zamu ya kuchota maji na kufagia kwa mwalimu wao. Wazazi wanaiita heshima, na mama anayekataa anaonekana hakumlea binti yake vizuri. Wino haujakauka, zamu ikaendelea vilevile, kanuni zikiwa zimebandikwa ukutani kwa ajili ya wageni.

Baada ya wiki tatu Mathilde, mtoto wa miaka kumi na miwili wa darasa la sita, aliingia jikoni kwa Émérance akasimama karibu na moto bila kusema. Kisha akasema kidogo, na kidogo hicho kilitosha. Serge alikuwa amefunga mlango, na alichotaka hakikuwa maji. Mathilde alimng'ata, akatorokea dirishani, ndoo akaiacha.

Émérance hakumhoji zaidi. Semina ilikuwa imemfundisha hivyo. Alimpa kiazi, akamrudisha kwa mama yake, kisha akaandika barua na kuipeleka mwenyewe kwa Dominique, mkubwa wa mambo ya watoto pale territoire. Kule Kasongo walikaa benchi moja, na Dominique ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko wote.

Siku tano zikapita kimya. Ya sita alimkuta kwenye baraza la ofisi, anachokonoa meno.

"Madame, ile mambo tulishaimaliza," Dominique alisema. "Tuliita famille, tukaita directeur wa masomo yenu. Serge alileta mbuzi mbili. Baba ya mutoto alikubali."

"Kanuni inasema isimalizwe kifamilia. Tuliisoma sisi wote, Chef."

"Ile ni ya karatasi. Unataka jina ya mutoto itembee mu soko? Na Serge tulishamupatia mutation. Anaenda Lusangi. Hautamuona tena."

"Na batoto ba Lusangi?"

Dominique aliendelea na meno yake. Hilo halikuwa swali la ofisi yake.

Mbuzi mmoja alichinjwa jioni ileile, na mkuu wa shule akala paja. Mathilde hakurudi darasani, kwa kuwa wenzake walianza kumwita bibi ya mbuzi, yaani mke aliyetolewa mbuzi. Émérance akawa anampelekea masomo nyumbani, na kila aliporudi njia nzima alikuwa akitema mate. Aliwachukia, na hakuitafutia chuki hiyo jina zuri. Serge alikuwa mchafu, sawa. Lakini wale waliokula naye, wakafuta midomo, wakamtakia safari njema, hao ndio aliowachukia zaidi.

Mwezi wa Oktoba Dominique alimtaka aende naye Lusangi kufundisha kanuni zilezile. Alikubali kwa sababu moja tu: alitaka kujua Serge yuko shule gani, karibu na watoto wa nani. Hakuhangaika kutafuta. Mstari wa pili wa orodha ya washiriki ulisema: Serge, mwalimu wa darasa la sita, msimamizi wa ulinzi wa watoto shuleni kwake. Mwenyewe alikuwa mbele kabisa, shati limepigwa pasi, akampa Émérance mkono huku akijishika kiwiko kwa adabu.

"Huyu ni Madame yetu wa Kabambare," aliwaambia wenzake. "Ni yeye alitufundisha vizuri."

"Mbele ya kuanza," Émérance alisema, "nitabaambia huyu mwalimu alitoka Kabambare namna gani."

Dominique alisimama haraka. Mambo ya mtoto ni siri, alisema, kanuni inakataza kuyataja mbele ya watu. Chumba kizima kikaitikia kwa kichwa. Ilikuwa kweli, ukurasa wa nne, na ni Émérance aliyewasomea.

Aliweka chaki chini akatoka. Nyuma ya darasa akina mama wa wanafunzi walikuwa wakiwapikia watu wa semina. Hakumtaja Mathilde.

"Bamama," alisema, "ule mwalimu Serge, musitume binti kwake. Hata na ndoo, hata na ufagio. Mimi najua sababu."

Amisa, aliyekuwa akisonga bugari, aliacha mwiko ndani ya sufuria.

"Laura wangu iko kule nyumbani kwake," alisema. "Leo ni zamu yake. Mwalimu alimuambia amungoje mupaka semina iishe."

Aliondoka huku akifunga kitenge, unga mikononi, na Émérance akamfuata mbio. Nyuma yao Dominique alikuwa mlangoni akiita, akitaka Madame arudi kutia sahihi karatasi ya mahudhurio.