Mkwaruzo kwenye Santuri ya Rahabu

Leo nimekiri kosa la miaka hamsini, na mume wangu akanicheka.

Mjukuu wetu alirudi hapa Penrith, Australia, na santuri ya zamani aliyoipata sokoni Fairfield. Muziki wa kantri wenye gitaa la umeme, mwimbaji mwanamke.

Kama ile tuliyoiacha Nakuru. Ile aliyopewa mume wangu na Rahabu, mchumba wake kabla yangu.

Tukaipiga, na wimbo wa tatu ulipofika kwenye kiitikio, mzee wangu akainua kidole.

“Hapa inaruka.”

Haikuruka.

Daktari ameshaniambia siku zangu si nyingi, basi nikasema.

“Baba Wanjiru, ile yetu niliikwaruza mimi, kwa pini ya nywele. Wivu tu. Ulikuwa unaisikiliza umefumba macho.”

Akacheka mpaka akakohoa.

“Nilijua, Mama Wanjiru! Kila Jumapili niliipiga makusudi, nikuone unavyotabasamu ikiruka.”

Nikalia kidogo, nakubali. Nikamshika mkono.

Sasa amelala kitini, nami nawaza.

Macho si aliyafumba kila Jumapili, hata baada ya mkwaruzo?

Alimwona nani akitabasamu?

Nimwamshe nimuulize? Nijibuni upesi, muda wangu ni mfupi.