Kisogo Hakina Macho

Ndelilio alikuwa amemkasirikia Ebenezeri miaka hamsini na sita, na hakuwa na haraka ya kuacha. Watu walimwambia, samehe mama, umri umekwenda. Akawajibu kwamba umri uliokwenda ni wa kwake yeye. Ule uongo uko palepale, haujaota hata mvi moja.

Uongo wenyewe ulikuwa huu. Mwaka wa sitini na nane, hapahapa Old Moshi, Ndelilio akiwa darasa la nne, walifanya mtihani wa hesabu. Yeye na Ebenezeri wakapata tisa kwa kumi, na hesabu ya nane wote wawili wakaikosa kwa jibu lilelile la kijinga. Mwalimu akasema, hapa mmoja kamwibia mwenzake. Ebenezeri, mvulana pekee mwenye viatu, akasimama akasema kwa sauti ya kuitia ng'ombe: "Huyu kaniangalizia mimi. Msichana hesabu atazijulia wapi?"

Darasa zima likacheka. Mwalimu, Mungu amrehemu akiona inafaa, hakuuliza swali hata moja. Alimpa Ndelilio viboko sita na barua ya kupeleka nyumbani. Baba yake hakujua kusoma. Alisomewa na jirani, na jirani akaisoma kwa sauti ya kufika kihamba cha pili, ng'ambo ya migomba. Baba akasema hasomeshi mwizi. Jumatatu Ndelilio alipewa mundu akakate majani ya ng'ombe, na shule ikaishia hapo.

Ebenezeri yeye akaendelea. Akawa karani wa chama cha kahawa, akawa mzee wa kanisa, akawa mwenyekiti wa bodi ya shule ileile, ambayo siku hizi ni sekondari. Ndelilio naye alirudi shuleni hapo uzeeni, kwa mlango wa jikoni, kupika makande. Na kanisani, siku ya Meza ya Bwana, Ebenezeri akipiga magoti kulia, yeye anakwenda kushoto. Wachungaji watano wamekuja wakaondoka wameliona hilo, hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Sasa mwaka huu akaja mwalimu mgeni, Salvina, msichana mwembamba wa Sanya Juu, mwenye sauti ndogo isiyotetemeka. Kila Alhamisi baada ya vipindi akawa anawakalisha wanafunzi bwaloni, wavulana na wasichana wamechanganyika, wazungumze jinsi wasichana wanavyosemwa bwenini, njiani na kwenye simu. Sheria yake ilikuwa moja: neno ulilomsema mtu akiwa hayupo, lirudie mbele yake, kisha ueleze umelijuaje.

Ndelilio alikuwa anawasikia kupitia dirisha la kupitishia chakula, ungo mapajani, akichambua maharage ya kesho. Aliona ni mchezo. Maneno, maneno, na kuni hakuna anayepasua.

Alhamisi moja ikafika zamu ya Lucky, kijana wa kidato cha tatu, mdomo mrefu. Eunike alikuwa ameongoza fizikia, na Lucky alikuwa amezungusha maneno shule nzima.

"Lirudie," Salvina akamwambia. "Eunike huyu hapa."

Lucky akacheka kidogo. "Ticha, si mimi tu. Wote wanasema. Msichana hawezi kuongoza fizikia hivihivi. Kapewa. Wasichana wana njia zao."

Eunike alitazama meza.

Ungo ukatua chini. Ndelilio akatokea mlangoni na aproni yake yenye masizi.

"We mtoto. Uliona kwa macho yako?"

"Shikamoo bibi."

"Shikamoo yako weka pembeni. Uliona?"

"Bibi, hayo ni mambo ya darasani."

"Na mimi unadhani nilizaliwa na mwiko mkononi?"

Wakacheka, kisha wakaona yeye hacheki. Salvina akamvutia kiti. Ndelilio hakukaa. Aliwasimulia akiwa amesimama: mtihani, hesabu ya nane, viboko, barua, mundu. Aliyasimulia kavukavu, kama mtu anayetaja bei ya ndizi sokoni. Mvulana hakumtaja jina.

Alipomaliza, Salvina hakumpa pole. Aliwageukia wanafunzi. "Nani ana swali?"

Halafu, katika wote, akanyoosha mkono Lucky.

"Bibi, huyo mvulana ulikaa mbele yake au nyuma yake?"

Ndelilio akamgeukia. Miaka hamsini na sita alilisubiri swali hilo. Kwa mwalimu, kwa baba, kwa mama, kwa mume aliyemzika. Sasa limetoka kwenye mdomo huu.

"Mbele," akasema. "Nilikaa benchi la kwanza. Yeye alikuwa nyuma yangu."

Eunike akainua uso.

"Basi ni yeye aliyekuibia," Lucky akasema polepole. "Kisogo hakina macho."

"Ni nani huyo, bibi?" msichana mmoja akauliza.

"Mwenyekiti wenu wa bodi."

Habari hiyo iliteremka mlima haraka kuliko maji ya mfereji. Jumamosi asubuhi Ebenezeri akaja kihambani kwa Ndelilio, kofia mkononi, na jani la isale. Mchagga anajua: jani hilo likiletwa, ugomvi umekwisha. Hata aliyeua akija nalo, anapewa kiti.

"Mama Tabitha," akasema, "nimekuja. Tulikuwa watoto. Nisamehe."

Ndelilio alikuwa anakama. Hakuinuka.

"Hapa migombani ulinikosea nini?"

"Unajua nilichokosea."

"Mimi najua. Waliocheka ndio hawajui. Ulinitukana darasani, mbele ya watu. Msamaha unauleta huku, tusikiwe na ng'ombe?"

"Isale halikataliwi, Mama Tabitha!"

"Sijalikataa. Nakuelekeza pa kulileta. Bwaloni, Alhamisi, saa tisa na nusu."

Akaendelea kukama. Mzee akarudi na jani lake.

Alhamisi ikafika. Ndelilio alikaa dirishani na ungo wake, na maharage aliyokuwa ameshayachambua akayachambua tena. Saa tisa na nusu ikapita. Saa kumi kasorobo akasikia fimbo kwenye sakafu.

Ebenezeri alisimama katikati ya bwalo, jani mkononi. Akasema kitu, kwa sauti ya chini, akiutazama mkono wake.

"Sema tena," Ndelilio akasema kutoka dirishani. "Siku ile ulisema kwa sauti."

Mzee akavuta pumzi. "Ndelilio hakuniangalizia! Mimi ndiye niliyemwangalizia. Nilijua, nikanyamaza, naye akatolewa shule."

Hakuna aliyecheka. Ndelilio akafuta mikono, akatoka jikoni, akaja akalipokea jani kwa mikono miwili, kama desturi inavyotaka.

"Nimelipokea," akasema. "Lakini darasa langu la tano hujanirudishia, na kanisani nitabaki kushoto."

Nyuma yao kiti kikakwaruza. Lucky alikuwa amesimama, hakuna aliyemwita. Alimgeukia Eunike, akasema, na akahakikisha hata wa mlangoni wamesikia:

"Mimi sikuona kitu chochote. Nilisema tu."